Bei Inayokuja Mwisho: Kwa Nini Watalii Huchagua Matembezi ya Bure Yanayopatikana Mtandaoni

Asubuhi za msimu wa wageni, kabla jua halijapanda juu ya Ngome Kongwe, hukusanyika katika bustani ya Forodhani kikundi cha watu wasiojuana. Mmoja ametoka Uhispania, wawili ni mume na mke kutoka Poland, mwingine ni msichana wa Kibrazili anayesafiri peke yake. Kila mmoja ameshika simu na anatazama huku na huku akimtafuta mtu mwenye mwamvuli wa rangi aliyoambiwa. Mtu huyo akifika huwaamkia, huwahesabu, huulizia majina mawili matatu ambayo wenyewe hawajatokea, kisha huwaingiza katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuwatembeza kwa muda wa saa mbili hivi. Katika muda wote huo hakuna aliyetoa hata senti moja. Fedha hutolewa mwisho, na kila mtu hutoa kile anachoona kinastahili.

Utaratibu huu wa matembezi ya bure unafahamika Zanzibar kama unavyofahamika Barcelona, Prague, Lisbon na Berlin, na wengi wetu tunaouona ukipita mbele ya baraza zetu tumeridhika na maelezo mafupi kwamba wazungu wanapenda vya bure. Maelezo hayo hayatoshi. Mgeni huyu amelipa tiketi ya ndege ya mamia ya dola. Amelipa viza, ambayo kwa raia wa nchi nyingi ni dola 50 na kwa Mmarekani ni dola 100. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 analipa pia dola 44 za bima ya lazima ya kuingia Zanzibar. Aliyekwisha kutoa fedha zote hizo hashindwi na dola chache za kutembezwa mjini, na wapo wengi ambao mwisho wa matembezi hutoa kiasi kisichopungua sana kile ambacho wangetozwa na hoteli yao. Linalohitaji kuelezwa, basi, ni kwa nini anapendelea kulipa baadaye kuliko kulipa mapema, na kwa nini humwamini mtu aliyemwona kwenye simu kuliko yule aliyesimama mbele yake na kumkaribisha.

Biashara hii ilikua Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Berlin ndiyo inayotajwa zaidi, kwa sababu huko ndiko ilikoanzia kampuni ya Chris Sandeman iliyoeneza mtindo huu katika miji mingi ya bara lile. Wakati huo mashirika ya ndege ya bei nafuu kama Ryanair na EasyJet yalikuwa yamewafungulia njia vijana ambao awali hawakuweza kusafiri, vijana waliolala katika mabweni ya wasafiri, watu sita au wanane chumba kimoja, na ambao hawakuwa na wakala wala hoteli ya kuwapangia ziara. Kutembezwa mjini kwa mtindo wa zamani kuliuzwa kupitia hoteli na mawakala, kwa bei iliyopangwa kabla, na mara nyingi kwa vikundi vilivyokuja pamoja ndani ya basi. Kijana wa bwenini hakuwa na nafasi katika mpango huo. Aliyekuja na wazo la kumwambia, "Njoo tutembee, ukiridhika utanipa chochote," alikuwa amepata soko ambalo wenye mabasi hawakuliona.

Baadaye yakaja majukwaa ya mtandaoni. Tovuti ya TripAdvisor, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilikuwa imewazoesha wasafiri kusoma maoni ya wenzao kabla ya kuchagua hoteli. Simu za mkononi zenye intaneti zikawawezesha kuchagua na kuweka nafasi wakiwa tayari wako njiani. Kwa matembezi ya kulipia kuna majukwaa makubwa kama Viator na GetYourGuide, ambayo hukata kamisheni katika bei anayolipa mteja, kamisheni ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 20 na 30. Kwa matembezi ya bure yamekuja majukwaa yao wenyewe, mojawapo likiwa GuruWalk lenye makao yake Valencia, Uhispania. Humo mgeni huandika jina la mji, huchagua lugha, siku na saa, husoma maoni, hubonyeza, na hupokea ujumbe wa mahali pa kukutana. Hakuombwa namba ya kadi ya benki, na akibadili nia hufuta bila kutozwa kitu.

Tuanze na neno bure lenyewe, kwa kuwa lina nguvu yake. Mwaka 2007 watafiti Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely walichapisha majaribio ambayo ndani yake watu waliuziwa chokoleti za aina mbili, moja nzuri ya Lindt na nyingine ya kawaida ya Hershey's. Ile nzuri ilipouzwa senti 15 na ile ya kawaida senti 1, takriban asilimia 73 ya wanunuzi walichagua ile nzuri. Kila bei iliposhushwa kwa senti moja tu, yaani senti 14 kwa ile nzuri na bure kwa ile ya kawaida, asilimia 69 waliikimbilia ile ya bure. Tofauti ya bei kati ya chokoleti hizo haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja hapakuwa tena na uwezekano wa kujutia. Kitu cha senti moja bado kinamfanya mtu ajiulize kama kinastahili senti hiyo, ilhali cha bure hakimuulizi swali lolote. Msafiri mwenye siku mbili tu za kukaa Mji Mkongwe, ambaye hajui kama mvua itanyesha, kama boti ya Dar es Salaam itachelewa au kama tumbo litamsumbua, huweka nafasi ya kesho kwa wepesi akijua kwamba hata asipokwenda hajapoteza kitu.

Hata hivyo, mwenye kusimama Forodhani kwa nusu saa ataona kwamba bure peke yake haielezi jambo hili. Pale pale wapo vijana ambao mji mzima huwaita papasi, jina la mdudu mdogo anayenyonya damu na asiyebanduka kirahisi. Papasi humfuata mgeni na kumwambia maneno yale yale: twende nikuonyeshe mji, rafiki, sitaki fedha, tutazame tu. Naye pia anatoa matembezi ya bure. Mgeni humkwepa, hukunja uso, huongeza mwendo, na dakika kumi baadaye unamkuta chini ya mwamvuli akimsikiliza kwa makini mtu mwingine aliyempa ahadi ile ile. Na papasi huyo huenda ni mzaliwa wa mtaa wa Malindi au Kiponda hapa hapa mjini anayekijua kila kichochoro, na huenda masimulizi yake ni matamu kuliko ya mwenye mwamvuli. Ninamsikitikia, kwa sababu anachokosa hakihusiani na ujuzi wake wa mji. Amekosa ushahidi.

Wachumi wamelitafakari tatizo hili kwa muda mrefu. George Akerlof, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, alieleza mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika kwamba muuzaji anapojua hali ya bidhaa na mnunuzi hajui, mnunuzi hujihami kwa kutoa bei ndogo au kwa kuondoka kabisa, na kwa kufanya hivyo huwaumiza hata wauzaji waaminifu, kwani hana njia ya kuwatofautisha na matapeli. Sisi husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Matembezi ya mjini ni mbuzi wa aina ya pekee, kwa kuwa huwezi kumtoa kwenye gunia umkague kisha umrudishe. Ubora wake unajulikana kwa kutembea, na ukishatembea saa zako mbili zimekwisha kutumika. Mgeni anayemfuata papasi hajui atapelekwa wapi, matembezi yataishia wapi, wala kama mwisho ataambiwa kwamba deni ni dola 50. Hofu yake ina msingi, hata kama papasi aliye mbele yake ni mtu mwema.

Jukwaa linalifungua gunia kwa njia mbili, na nguvu ya utaratibu huu imo katika kukutana kwa njia hizo mbili. Ya kwanza ni maoni ya waliotangulia: picha ya mtembeza wageni, jina lake, lugha anazozungumza, saa ya kuanza, mahali pa kumalizia, na chini yake sauti za watu mia mbili au tatu waliokwisha kutembea naye, kila mmoja akieleza kilichompendeza. Mtu aliyeko Madrid anaweza kujua kwamba mtembeza fulani wa Zanzibar huchelewa, au kwamba huwapitisha wageni kwenye duka la nduguye. Ya pili ni bei inayokuja mwisho. Maoni yanaeleza siku ya watu wengine, na siku hiyo haitakuwa yangu. Leo mtembeza anaweza kuwa na homa, kikundi kinaweza kuwa kikubwa mno, jua linaweza kuwa kali. Kwa kuwa sijalipa, hatari hiyo iliyobaki haiko tena juu yangu. Matembezi ya kulipia yenye maoni mazuri yananipa kinga ya kwanza bila ya pili, na papasi ananiahidi ya pili bila ya kwanza. Mwenye kiu ya haluwa akifika kwa muuza haluwa huonjeshwa kipande kidogo kabla ya kupimiwa. Tofauti hapa ni kwamba mgeni huonjeshwa sahani nzima, na bei hupangwa sahani ikiwa tupu.

Zipo sababu nyingine zenye uzito. Msafiri wa peke yake, ambaye biashara ya zamani ilimwadhibu, ndiye anayefaidika zaidi. Kumkodi mtembeza wa binafsi kwa kawaida hugharimu karibu sawa iwe mko wanne au uko mmoja, hivyo aliye peke yake hubeba mzigo wa watu wanne. Matembezi ya bure humkusanya pamoja na wengine kama yeye, na kwa wengi mkusanyiko huo ni sehemu ya wanachokitafuta: watu wa kula nao jioni pale Forodhani, wa kugawana nao teksi ya kwenda Nungwi, wa kuulizana nao habari za Kilimanjaro. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake kuna faida nyingine ya wazi, kwamba anauingia mji asioujua akiwa ndani ya kikundi na pamoja na mtu ambaye jina lake na picha yake vimehifadhiwa mahali.

Lugha nayo huamua mengi kuliko tunavyodhani. Matembezi ya aina hii yamepokewa kwa namna ya pekee na Wahispania na watu wa Amerika ya Kusini, ambao wengi wao hawafurahii kusikiliza historia ndefu kwa Kiingereza. Hoteli ya kawaida ya Zanzibar haiwezi kuwa na mtembeza wa Kihispania, Kipolishi na Kijerumani kila siku. Jukwaa linaweza kumkutanisha Mwargentina na kijana wa Mwembetanga aliyejifunza Kihispania kwa bidii yake mwenyewe, na kijana huyo hatahitaji kumjua meneja wa hoteli yoyote ili apate kazi.

Halafu kuna mji wenyewe. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, haukujengwa kwa ajili ya ramani za simu. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu, mawimbi ya setilaiti yanapotea kati ya kuta, na alama ya buluu kwenye skrini inamwonyesha mgeni yuko Hurumzi ilhali amesimama Mkunazini. Ndiyo maana wengi huchagua matembezi ya bure kwa siku yao ya kwanza. Wanataka kujua njia ya kutoka Darajani hadi Shangani, mahali pa kubadilisha fedha, mahali urojo unapouzwa, namna ya kuvaa wakipita mitaani, kisha wajitegemee. Haja hiyo ni ndogo, haimfanyi mtu kutaka kununua ziara ya siku nzima, na kabla ya majukwaa haikuwa na muuzaji anayeeleweka.

Sasa tuitazame fedha, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapokosea bila kujua. Msafiri wa kawaida hudhani kwamba jukwaa linatoa huduma ya bure kama matembezi yenyewe. Ukweli ni kwamba majukwaa ya matembezi ya bure kwa kawaida humtoza mtembeza ada kwa kila kichwa kilichohudhuria, kiwango kikitofautiana kati ya mji na mji, na ada hiyo hudaiwa hata kama mwenye kichwa hicho hakutoa kitu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ada ikiwa yuro 3, na familia ya watu wanne ikashukuru kwa noti moja ya yuro 10, mtembeza anadaiwa yuro 12. Amefanya kazi kwa saa mbili na ametoa yuro 2 mfukoni mwake. Familia hiyo haikukusudia kumdhulumu. Noti ya yuro 10 machoni pao ni bakshishi nzuri, kwa sababu bakshishi kwa desturi ni nyongeza juu ya ujira, nao hawakujua kwamba safari hii hapakuwa na ujira wowote chini yake.

Kwa hiyo hatari aliyoondolewa mgeni haikupotea. Imehamia kwa mtembeza. Yeye ndiye anayebeba uwezekano wa mvua, wa kikundi kidogo, wa watu kuondoka kimyakimya kwenye kona ya mwisho, na zaidi ya yote wa watu kutokuja. Wepesi ule ule wa kuweka nafasi bila kadi humfanya mtu aweke nafasi tatu kwa asubuhi moja na aamue akishaamka. Katika miezi ya masika, ambapo wageni wenyewe ni wachache, mtembeza anaweza kusimama Forodhani na orodha ya watu wanane na kuondoka na wawili. Anakubali kwa sababu jukwaa linampa kitu ambacho hangekipata peke yake, nacho ni kuonekana na mtu aliyeko mbali katika dakika anayoamua. Wapo pia wanaoyahesabu matembezi ya bure kama tangazo: aliyeridhika na saa mbili za mjini huuliza habari za kisiwa cha Changuu, shamba la viungo au msitu wa Jozani, na safari hizo zina bei. Hesabu ya namna hiyo inaweza kumlipa mtembeza vizuri, lakini pia humtia kishawishi cha kuyageuza matembezi kuwa mnada, na wageni huliona hilo upesi na kuliandika.

Je, mgeni huamuaje atoe nini? Kwa Mswahili, malipo ya hiari hayana ugeni. Mwalimu wa chuo cha Kurani, fundi wa jirani, mzee aliyekusomea dua, wote hao ukiwauliza bei huenda wakakujibu, "Utakachojaliwa." Utaratibu huo hufanya kazi kwa sababu mtoaji na mpokeaji wanaishi mtaa mmoja, aliyetoa kidogo huku anacho atakutana na macho ya watu msikitini, sokoni na msibani. Mtalii hatarudi. Keshokutwa atakuwa Serengeti, na mtembeza hatamwona tena. Inafaa kutambua kwamba maoni ya kwenye jukwaa hayaujazi mtaa uliokosekana, kwani yanambana mtembeza peke yake. Mgeni aliyetoa senti hamsini hapewi nyota moja na mtu yeyote.

Kinachomfunga mgeni ni namna anavyojiona mwenyewe. Mwaka 2010 Ayelet Gneezy na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika bustani ya michezo nchini Marekani, likihusisha zaidi ya wageni 113,000 waliopigwa picha wakiwa kwenye mchezo wa kasi. Walipoambiwa walipe wanachotaka kwa picha hiyo, walioichukua waliongezeka sana lakini kwa wastani walilipa chini ya dola moja. Walipoambiwa kwamba nusu ya watakacholipa itakwenda kwa shirika la hisani, wastani ulipanda hadi zaidi ya dola 5, na wakati huo huo idadi ya walionunua ikashuka. Watu waliona kwamba kiasi watakachotoa sasa kinasema jambo juu yao. Baadhi wakatoa zaidi, baadhi wakaona bora wasinunue kabisa kuliko kujiona wabahili. Mtembeza mzoefu anaijua habari hii bila kusoma jarida lolote. Anayewaeleza wageni wake mapema, kwa sauti ya kawaida na bila kulalamika, kwamba hana mshahara na kwamba jukwaa linamtoza kwa kila mtu, anawapa kipimo cha kutolea. Anayeona haya kulitaja jambo hilo, kama inavyotokea kwa watu wetu waliolelewa kuona kuomba ni aibu, anawaacha wageni wakisie, na wengi hukisia kwa desturi za kwao. Mmarekani aliyezoea kuongeza asilimia 15 hadi 20 mkahawani hana kigugumizi. Anayetoka nchi ambayo bakshishi ni adimu hutazama mwenzake ametoa nini. Tena kuna sarafu: mgeni hujikamua sarafu za yuro kwa moyo mkunjufu, asijue kwamba maduka ya kubadilishia fedha hupokea noti tu, na sarafu hizo zitakaa kwenye kopo nyumbani kwa mtembeza mpaka apatikane msafiri wa kuzichukua.

Serikali za miji zimeanza kuingilia, hasa kwa sababu ya msongamano. Amsterdam ilipunguza vikundi vya kutembezwa katikati ya mji hadi watu 15 mwaka 2020, na Venice ikaweka kikomo cha watu 25 na kupiga marufuku vipaza sauti mwaka 2024. Zanzibar, iliyopokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, ina vichochoro ambavyo watu wawili wenye vikapu hupishana kwa shida, na wakazi wanaokaa barazani wana haki ya kulizungumza hilo mapema. Sheria yetu imejikita zaidi kwenye leseni: anayeongoza watalii anatakiwa awe amesajiliwa na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Tanzania Bara nayo, Julai 2025, iliiweka kazi ya kuongoza watalii katika orodha ya biashara ambazo wasio raia wamekatazwa. Huko Berlin au Prague ni kawaida matembezi ya bure kuongozwa na kijana wa kigeni aliyehamia miaka miwili iliyopita. Hapa kazi hiyo ni ya wenyeji, na hilo ni jema. Lakini nyota za jukwaa na leseni ya serikali ni vitu viwili visivyozungumza. Mgeni huziona nyota kwanza, na mara nyingi leseni haulizi kabisa.

Jambo linalonigusa zaidi ni namna bei ya mwisho inavyoweza kuigusa historia yenyewe. Matembezi ya bure kwa kawaida hayaingii mahali penye kiingilio, kwa hiyo masimulizi hufanyika nje, mbele ya milango. Mbele ya Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mtembeza hana taabu, kuta zinajieleza. Mkunazini ni kugumu zaidi. Hapo palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash alilazimika kuutia saini, na hapo sasa lipo kanisa la Kianglikana. Karibu nalo kuna jengo ambalo vyumba vyake vya chini huonyeshwa wageni kama mahali watumwa walipofungiwa kabla ya kuuzwa. Jengo hilo lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamekwisha kuitilia shaka habari ya vyumba hivyo. Ukatili wa biashara ile hauna shaka yoyote. Watu waliuzwa pale, na hilo linatosha. Mtembeza anayejua kwamba baada ya saa moja mikono itaingia mifukoni ana sababu ya kusimulia toleo linalotetemesha, na jukwaa lina nafasi ya nyota tano na maneno machache, bila mahali pa kuulizia kama aliyoyasikia mgeni yalikuwa sahihi.

Hata hivyo, maelezo ya kila matembezi kwenye majukwaa haya huandikwa na anayeyaongoza, na hakuna kinachomzuia kuandika pale kwamba ana leseni, ya nani na ya mwaka gani. Kwamba mshahara hana na jukwaa linamtoza kwa kila anayehudhuria. Na kwamba akifika Mkunazini atawaeleza wageni kile kinachojulikana na kile ambacho wasomi bado wanakibishania. Mgeni anayesoma maoni mia mbili kabla ya kubonyeza atayasoma na hayo.